Kadhi Huanzia Gerezani: Hesabu ya Wafungwa katika Fiqhi na katika Historia ya Tabora

 

 Siku moja baada ya Swala ya Alasiri, katika msikiti mmoja wa Ipuli hapa Tabora, tulikuwa kwenye darsa ya fiqhi na tulikuwa tumefika katika mlango wa ukadhi. Ni mlango ambao wanafunzi wengi huupitia haraka, kwa kuwa huona kwamba mambo yake hayawahusu. Mzee mmoja aliyekaa nyuma, ambaye kwa kawaida husikiliza tu na kuondoka, akainua mkono na kusema: "Sheikh, kijana wangu yuko mahabusu, huu ni mwaka wa tatu. Kila tukienda tunaambiwa upelelezi haujakamilika. Hivi kuna mtu yeyote anayewahesabu hawa?" Hakulitaja gereza lenyewe wala mimi silitaji. Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akamwambia: "Mzee wangu, swali lako limo katika ukurasa huu huu tunaousoma." Wengi wetu tulidhani anamliwaza tu.

Hakuwa akimliwaza. Kitabu kilichokuwa mbele yetu ni Minhaj ya Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H., sawa na 1277), ambacho wanafunzi wa madhehebu ya Shafii katika pwani ya Afrika Mashariki wamekisoma kwa vizazi vingi. Imam Nawawi anapoeleza kazi za kadhi mpya anapoingia katika mji, hamwanzishi kwenye mali za mayatima, wala wakfu, wala mirathi. Hayo yote yanafuata baadaye. Jambo la kwanza kabisa ni kuwatazama watu waliomo gerezani. Wanazuoni wanatoa sababu iliyo wazi: kufungwa ni adhabu, na huenda aliyemo ndani anaadhibiwa bila ya haki. Yatima mali yake inaweza kungoja siku mbili, lakini aliyefungwa kwa dhulma kila saa inayopita ni dhulma mpya.

Namna ya kazi hiyo imeelezwa kwa urefu na washereheshaji, nayo inastahiki kusomwa polepole. Kwanza kadhi anampeleka mwaminifu wake gerezani akaandike jina la kila mfungwa, kitu alichofungiwa, na mtu ambaye amefungwa kwa ajili yake. Kisha anatoa mpiga mbiu atangaze mjini kwamba siku fulani kadhi atakaa kuwatazama wafungwa, basi mwenye mfungwa wake na ahudhurie. Ikifika siku hiyo watu wakakusanyika, inapigwa kura ili ijulikane ni nani wa kuanza naye, isiwe mwenye jamaa wakubwa ndiye wa kwanza. Aliyetajwa anaulizwa mwenyewe. Akikiri kwamba amefungwa kwa haki, hukumu yake inaendelea. Akisema amedhulumiwa, basi mzigo wa kuleta ushahidi unakuwa juu ya mdai wake, na mdai akiwa hayupo anaandikiwa aje.

Yuko na yule anayesema: "Mimi sijui nimefungwa kwa nini." Huyu ndiye aliyemgusa mzee wetu. Wanazuoni wamesema itangazwe habari yake, na asipotokea mtu wa kumdai basi aape na aachiliwe. Na katika siku zile za kutangaza hafungwi, wala haachwi moja kwa moja, bali anawekewa mtu wa kumwangalia. Ndugu msomaji, haya yameandikwa Damascus na Cairo karne nyingi kabla Ulaya haijaanza kuzungumza juu ya taarifa za magereza.

Wanazuoni wa Kihanafi nao walilitilia nguvu jambo hili mapema zaidi. Al-Khassaf wa Baghdad, aliyefariki mwaka 261 H. (874), katika kitabu chake cha adabu za kadhi anataka kadhi mpya apokee daftari kutoka kwa kadhi aliyeondoka mbele ya watu waaminifu, na orodha ya wafungwa iwe na sababu za kufungwa kwao. Maana yake ni kwamba kadhi aliyemaliza kazi anakabidhi hesabu ya watu kama anavyokabidhi hesabu ya mali, na aliyeingia hakubali orodha hiyo kwa macho yaliyofumbwa.

Asili ya yote haya ni ya zamani kuliko vitabu. Zama za Mtume (SAW) hapakuwa na jengo la gereza Madina. Thumama bin Uthal, mkubwa wa Banu Hanifa, alipokamatwa alifungwa kwenye nguzo ya Msikiti wa Mtume, kama ilivyopokewa katika Sahih mbili. Alikaa hapo siku tatu, na kila siku Mtume (SAW) alimpitia na kumuuliza hali yake, mpaka akaamrisha afunguliwe. Thumama akaenda akaoga, akarudi, akasilimu. Mara nyingi tunaisimulia habari hii kama dalili ya upole wa Mtume, na ni kweli. Lakini tazama pia mahali penyewe. Mfungwa wa dola aliwekwa mahali pa wazi kuliko pote katika mji, watu wote wakipita mara tano kwa siku wakimwona amekula nini na amelala vipi. Hapakuwa na haja ya taarifa kwa sababu hapakuwa na ukuta.

Ukuta ulikuja baadaye. Katika ukhalifa wa Umar (RA), gavana wake wa Makka, Nafi bin Abdul Harith, alinunua nyumba ya Safwan bin Umayya iwe gereza, na inapokewa kwamba bei yake ilikuwa dirhamu 4,000. Ali (RA) akajenga gereza Kufa, la kwanza la matete ambalo wezi walilitoboa wakatoroka, kisha la pili la udongo. Tangu hapo tatizo likazaliwa: mtu yuko ndani, na walio nje hawamwoni. Umar bin Abdul Aziz aliliona hili wazi. Aliwaandikia magavana wake wasiwachanganye wafungwa wa madeni na wahalifu, wanawake wawe na mahali pao, wagonjwa wakaguliwe, na msimamizi wa gereza awe mtu asiyekula rushwa, kwa sababu mla rushwa hutenda analoamrishwa na aliyempa.

Kisha akaja Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, mwalimu ambaye mwenyewe alifia kifungoni Baghdad mwaka 150 H. (767). Khalifa Harun al-Rashid alipomtaka Abu Yusuf amwandikie juu ya mapato ya dola, katika Kitabul Kharaj aliingiza mlango mzima wa wafungwa. Ukiusoma utadhani aliyeandika ni mkaguzi wa hesabu. Chakula kisipelekwe kama mikate mikononi mwa askari wa gereza, anasema, kwa kuwa watakila wao. Badala yake kila mfungwa apewe dirhamu 10 kwa mwezi mkononi mwake. Ateuliwe mtu mwema, aandike majina yao, daftari liwe kwake, na kila mwanzo wa mwezi aite jina moja moja na kulipa kwa mkono wake, na aliyekwisha kuachiliwa posho yake irudishwe. Wapewe nguo za baridi na za joto. Wasitolewe nje na minyororo wakaombe sadaka barabarani, kwa maana hilo ni fedheha kwa Waislamu wote. Akifa asiye na jamaa, aoshwe, akafiniwe na kuzikwa kwa mali ya Baitul Mal. Na anamwambia Khalifa bila ya kumung'unya maneno kwamba wafungwa wamekuwa wengi kwa sababu hakuna anayetazama mambo yao. Gereza kujaa, kwa Abu Yusuf, ni dalili ya uvivu wa walio juu kabla ya kuwa dalili ya ubaya wa walio ndani.

Sasa turudi Tabora, na hapa lazima tuseme kweli hata kama inauma.

Mji huu ulikua katikati ya karne ya 19 kama kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Burton na Speke walipofika Novemba 1857 waliukuta mji wa Waarabu katika Unyanyembe, wenyewe wakiuita Kaze, wenye matembe makubwa na wafanyabiashara kutoka Oman, Unguja na Mrima. Waliswali, walifunga, walikuwa na watu wa elimu kati yao. Uislamu wetu wa bara umepita katika njia ile, na hatuna sababu ya kuikana. Lakini njia hiyo hiyo ilipitisha minyororo. Mateka waliofungwa shingo kwa shingo walilala katika nyua za matembe ya mji huu, na hakuna daftari lililoandikwa jina la mmoja wao, baba yake, na sababu ya kufungwa kwake. Katika fiqhi asili ya mwanadamu ni uhuru, na anayedai kinyume chake ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi. Lau kadhi wa Minhaj angeingia Unyanyembe mwaka 1860 na kutoa mpiga mbiu wake, angewakuta wangapi wanaosema "mimi sijui nimefungwa kwa nini"? Wanahistoria wetu wengi hawapendi kuliuliza swali hili. Mimi naona ni letu sisi kuliuliza kabla hatujaulizwa na wengine.

Wajerumani walipomshinda Mtemi Isike, aliyejilipua ndani ya ngome yake Januari 1893 kuliko kukamatwa, walijenga boma, na katika boma kulikuwa na kifungo. Mnyororo wa shingoni haukuondoka, ulibadilisha tu mwenyewe. Wafungwa walifanya kazi za barabara na majengo wakiwa wamefungwa pamoja. Wazee walituhadithia habari za "hamsa ishirini", yaani viboko 25, ambavyo kwa amri ya mwaka 1896 ndivyo vilikuwa kikomo kwa mara moja. Amri hiyo iliwatoa Waarabu na Wahindi, na viboko vikabaki vya Waafrika. La kushangaza ni kwamba Wajerumani walikuwa watu wa takwimu. Idadi ya waliochapwa na waliofungwa iliandikwa na kuchapishwa katika taarifa za kila mwaka kuhusu makoloni, na wabunge wa Berlin walizisoma na kubishana. Kwa hiyo hesabu ilikuwapo. Ila haikuandikwa kwa lugha ya aliyechapwa, wala haikutangazwa sokoni Tabora ili mwenye kujua jambo aje aseme. Taarifa ya namna hii humwarifu bwana habari za mtumwa wake, basi.

Vita Kuu ya Kwanza ikaifanya Tabora mji wa wafungwa hasa. Wajerumani waliwakusanya hapa raia wa nchi adui: wamisionari wa Kiingereza, mateka wa kijeshi, Wahindi, na walimu Waafrika wa misheni za Kiingereza, ambao baadhi yao walitiwa minyororo na kuteswa kwa kushukiwa upelelezi. Wabelgiji walipouteka mji tarehe 19 Septemba 1916 watu hao wakafunguliwa, na mwaka 1917 Serikali ya Uingereza ikachapisha London kitabu kizima cha ushahidi juu ya walivyotendewa wafungwa wa Kiingereza na wenyeji katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ushahidi wenyewe una thamani. Lakini tuseme pia kwamba hakuna taarifa iliyo nyepesi kuandikwa kama taarifa ya gereza la adui yako.

Wakaja Waingereza wenyewe. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, hivyo kila mwaka taarifa ilipelekwa Geneva, na ndani yake mlikuwa na habari za magereza. Mwaka 1931 magereza yakatengwa na polisi, yakawa idara yenye taarifa zake za mwaka. Mwaka 1933 Tume ya Bushe ilichunguza utoaji wa haki za jinai katika Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1939 Alexander Paterson, kamishna wa magereza wa Uingereza, akazunguka nchi hizi akiyakagua. Huwezi kusema hawakuandika. Lakini ulipofika wakati ambapo ukweli ungewagharimu, kalamu iligeuka. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola nchini Kenya, wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa kwa kukataa kazi ya shuruti. Tangazo la kwanza la Serikali likasema walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Uchunguzi wa maiti ndio uliolifichua jambo, na likafika Bunge la London mwaka huo. Kitabu kile cha 1917 na tangazo lile la 1959 yametoka katika dola moja, miaka 42 tu kati yao.

Nasi baada ya Uhuru? Hapa ni vizuri kutaja jambo moja la heshima, kwa kuwa lilitokea kwa majirani zetu wa Usukumani. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu walikamatwa katika operesheni dhidi ya mauaji yaliyohusishwa na uchawi, wakateswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Habari ilipojulikana haikuzikwa. Januari 1977 marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, na wengine wakajiuzulu pamoja naye. Hakumpiga mtu yeyote kwa mkono wake. Alisema kwa kitendo kwamba aliye juu anaulizwa kwa yaliyotendwa chini yake. Umar (RA) alikuwa akiogopa kuulizwa hata kwa mnyama anayejikwaa huko Iraq, na hapa ni wanadamu waliokufa.

Lakini kujiuzulu kwa waziri mmoja hakuwi utaratibu. Novemba 2002 mahabusu 17 walikufa kwa kukosa hewa katika chumba kilichofurika huko Mbarali, Mbeya. Miaka hiyo magereza ya nchi yetu, yenye nafasi kwa watu karibu 22,000, yalikuwa na zaidi ya 40,000, na takriban nusu yao walikuwa mahabusu, yaani watu ambao hakuna hakimu aliyekwisha kusema kwamba wana hatia. Neno hilo mahabusu tumelitoa katika Kiarabu, na maana yake ni aliyezuiliwa tu. Ibnul Qayyim amefafanua kwamba kumfunga mtu katika sharia si kumbana katika mahali pafinyu, bali ni kumzuia asiende atakako. Chumba cha Mbarali kinahukumiwa na sentensi hiyo bila ya kuongeza neno.

Njia za kujua zipo leo kuliko zamani, na si haki kuzikanusha. Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 inawatambua wakaguzi kutoka mahakamani na serikalini. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, ina uwezo wa kuingia magerezani na kutoa taarifa. Waziri wa Mambo ya Ndani hulieleza Bunge habari za Magereza kila anapoleta makadirio yake, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu huchapisha ukaguzi wake. Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilizungumzia waziwazi tabia ya kukamata kwanza na kupeleleza baadaye. Mapema zaidi, Julai 2019, Rais John Magufuli aliingia Gereza la Butimba, Mwanza, akawasikiliza waliomo kwa masikio yake, na muda si mrefu wengi wakafutiwa kesi. Desemba ya mwaka huo akatangaza msamaha kwa wafungwa 5,533.

Mimi nilifurahi kama wengine. Lakini mwanafunzi wa fiqhi ataona tofauti. Kadhi wa Nawawi haendi gerezani kwa kuwa moyo wake umelainika siku hiyo. Anakwenda kwa kuwa ndiyo kazi yake ya kwanza, na asipokwenda ameanza ukadhi kwa kosa. Tena msamaha ni wa aliyehukumiwa, na yule asiyejua amefungwa kwa nini hana cha kusamehewa. Na taarifa zetu nyingi hupenda kuhesabu ekari zilizolimwa, matofali yaliyofyatuliwa na nyumba za askari zilizojengwa. Hayo ni mema. Daftari la Abu Yusuf, hata hivyo, lilikuwa la majina, na orodha ya kadhi iliuliza mambo manne: ni nani, amefungwa na nani, kwa jambo gani, tangu lini. Jumla ya watu 300 katika jedwali haijibu hata moja kati ya hayo.

Waislamu wa nchi hii tunalijua hili kwa karibu. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walioshitakiwa Bara mwaka 2014 kwa makosa ya ugaidi walikaa mahabusu mpaka Juni 2021, mashitaka yalipoondolewa. Sisemi hapa juu ya siasa zao. Nasema miaka ile saba ilipita bila ya kesi kumalizika, na kila mwaka taarifa ziliandikwa na wao wamo ndani ya jumla ya mahabusu. Wapo vijana wasio na jina, wasio na wakili, Waislamu na wasio Waislamu, ambao hakuna mtu aliyewaombea dua kwenye mimbari.

Wako wanaopinga kwamba kutangaza habari za wafungwa ni kuvunja sitara, na Uislamu umeamrisha kusitiriana. Hoja hii ina uzito, lakini imewekwa pasipo mahali pake. Mpiga mbiu wa kadhi hatangazi dhambi ya mtu. Anatangaza siku ya kikao, ili mdai aje na haki ipatikane. Sitara ni ya aibu ya mja, nayo haikuwekwa kuficha uzembe wa aliyepewa amana ya kumlinda. Nabii Yusuf (AS) mwenyewe, katika sura inayoitwa kwa jina lake, alimwomba mwenzake amtaje kwa bwana wake, yule mtu akasahau, naye akabaki gerezani miaka kadhaa. Na mjumbe wa mfalme alipokuja hatimaye kumtoa, Yusuf alikataa kutoka mpaka kwanza habari ya wale wanawake iulizwe hadharani. Kutoka kimya kimya hakukumtosha.

Mwalimu wetu alipomaliza kuyasherehesha haya Magharibi ilikuwa imekaribia. Yule mzee akauliza tena, kwa sauti ya chini: "Na kama hakuna mpiga mbiu?" Mwalimu akamwambia aandike jina la kijana wake, tarehe aliyokamatwa, kosa lililotajwa na namba ya kesi, alete karatasi hiyo Ijumaa, na wengine wenye watu ndani wafanye hivyo hivyo. Ijumaa ile zilikuja karatasi 11. Wanafunzi wawili wanaojua kuandika barua za kiserikali wakaziweka katika orodha moja, nakala moja kwa ofisi ya Tume ya Haki za Binadamu na nyingine kwa mahakama, na darsa ikaendelea na mlango wa mashahidi.

Wallahu aalam.